Kupasua Namba Kubwa kwa Kalamu na Karatasi: Mwongozo Kamili kwa Kutumia 3,699,872

Sensa ya Agosti 2022 iliukuta Mkoa wa Mwanza una watu 3,699,872. Namba hiyo ikitajwa kwenye hotuba huwa inazungushwa: "watu milioni tatu na laki saba". Hapa hatuizungushi. Tunaichukua na tarakimu zake zote saba na kuiuliza maswali ambayo hayahusu watu hata kidogo: inagawanyika kwa ngapi? Ina vigawo vingapi? Ni mraba wa namba nyingine? Ina kigawo chochote inachoshirikiana na namba ya sensa ya 2012?

Mwongozo huu unamfaa mwanafunzi wa sekondari aliyewahi kutafuta KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na KDS (kigawe kidogo cha shirika), mwalimu anayetaka mfano ambao haumo kitabuni, na yeyote anayejumlisha hesabu ndefu kwenye kauntabuku na kutaka kujua kama amekosea bila kuanza upya. Unahitaji kalamu, karatasi na muda kidogo. Kikokotoo cha simu kiweke pembeni mpaka mwisho, maana ukianza nacho utabonyeza ovyo na hutajua umeshajaribu nini.

Jambo moja linatawala kazi yote: anza na maswali ya bei rahisi. Mvuvi hupara magamba kabla ya kumkata samaki vipande, na namba nayo inataka kuvuliwa vigawo vidogo kwanza, kwa sababu kila kigawo unachokitoa kinapunguza kazi iliyobaki kuliko unavyodhani.

Kwanza, hakikisha namba haijazungushwa

Eneo la Ziwa Victoria hutajwa kuwa kilometa za mraba 68,800. Ukiipasua hiyo unapata 2⁶ × 5² × 43, na mtu anaweza kudhani amegundua kitu kuhusu ziwa. Hajagundua. Sifuri mbili za mwisho maana yake ni mara 100, na 100 ni 2² × 5². Vigawo hivyo vimeletwa na mtu aliyezungusha, na hata 43 ingetoweka kama angeamua kuandika 68,900 au 69,000. Kwa hiyo ukitaka namba yenye tabia yake yenyewe, tafuta namba iliyohesabiwa moja moja. Kura, sensa, idadi ya tiketi. Namba iliyopimwa kwa rula au kwa setilaiti haifai kwa mchezo huu.

Soma tarakimu ya mwisho

3,699,872 inaishia na 2. Tarakimu hiyo moja inajibu maswali matatu kwa mpigo.

Namba ni shufwa, kwa hiyo inagawanyika kwa 2. Haigawanyiki kwa 5, kwa sababu vigawe vya 5 huishia na 0 au 5. Na si mraba. Hili la tatu watu wengi hulisahau: mraba wa namba nzima huishia na 0, 1, 4, 5, 6 au 9 tu. Jaribu mwenyewe kwa kuzidisha 0 hadi 9 kila moja kwa yenyewe, uone tarakimu za mwisho. 2, 3, 7 na 8 hazitokei kamwe. Ndiyo maana hatuna haja ya kutafuta kipeuo cha pili ili kujua kama 3,699,872 ni mraba. Kanuni hii itatuokoa muda mwingi huko mbele, kwa hiyo iweke akilini.

Hesabu 2 ziko ngapi

Kujua kwamba namba ni shufwa hakutoshi. Tunataka kujua 2 imo mara ngapi. Njia ya moja kwa moja ni kugawanya kwa nusu mpaka ufike kwenye witiri:

3,699,872 → 1,849,936 → 924,968 → 462,484 → 231,242 → 115,621

Nusu tano, kisha tumegonga witiri. Kwa hiyo 3,699,872 = 2⁵ × 115,621, yaani 32 × 115,621.

Kuna njia ya kuhakiki bila kurudia kugawanya. Kwa 4 unaangalia tarakimu mbili za mwisho (72, inagawanyika). Kwa 8 unaangalia tatu (872 = 8 × 109). Kwa 16 unaangalia nne (9,872 = 16 × 617), na kwa 32 unaangalia tano (99,872 = 32 × 3,121). Kwa 64 unaangalia sita: 699,872 ukiigawa kwa 64 inabaki 32. Imegoma. Mbili ni tano kamili, wala si sita.

Wanaoandika programu wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Ukiandika 3,699,872 kwa mfumo wa sifuri na moja unapata 1110000111010010100000. Hesabu sifuri za mwisho: tano.

Jumlisha tarakimu

3 + 6 + 9 + 9 + 8 + 7 + 2 = 44. Na 4 + 4 = 8.

Namba ikigawanywa kwa 9 inaacha baki lile lile linaloachwa na jumla ya tarakimu zake. Sababu yake ni kwamba 10, 100, 1,000 na kuendelea zote zikigawanywa kwa 9 zinabaki na 1, kwa hiyo kila tarakimu inachangia thamani yake tupu popote inapokaa. Hapa baki ni 8. Si 0, basi 9 haimo. Na 8 ikigawanywa kwa 3 inabaki 2, basi 3 nayo haimo.

Andika hiyo 8 pembeni mwa karatasi na uizungushie duara. Ni alama ya utambulisho ya namba yetu, tutaitumia kuhakiki kila kitu.

Gawa kwa makundi ya tatu: 7, 11 na 13 kwa pamoja

Shuleni wengi hufundishwa kanuni ya 11 peke yake, na ya 7 huachwa kwa sababu inaonekana ngumu. Kumbe kuna njia moja inayozikamata zote mbili pamoja na 13, kwa sababu 7 × 11 × 13 = 1,001. Elfu moja iko pungufu kwa moja tu kufika 1,001, kwa hiyo makundi ya tarakimu tatu tatu yanapokezana alama: jumlisha, toa, jumlisha, ukianzia kulia.

Namba yetu imeshakatwa na mikato yake: 3 | 699 | 872.

872 − 699 + 3 = 176.

Sasa badala ya kuhangaika na milioni tatu na ushee, tunahangaika na 176 tu. Kwa 7: 7 × 25 = 175, inabaki 1, haimo. Kwa 13: 13 × 13 = 169, inabaki 7, haimo. Kwa 11: 11 × 16 = 176. Imo!

Ukitaka kuhakiki kwa kanuni ya kawaida ya 11, pokezana tarakimu moja moja kutoka kulia: 2 − 7 + 8 − 9 + 9 − 6 + 3 = 0. Inakubali.

Sasa toa 11 kwenye ile sehemu witiri: 115,621 ÷ 11 = 10,511. Jaribu 11 tena kwenye 10,511, kwa sababu kigawo kinaweza kujirudia: 1 − 1 + 5 − 0 + 1 = 6. Hapana, 11 imo mara moja tu.

Tumefika hapa: 3,699,872 = 2⁵ × 11 × 10,511.

Kituo kidogo Mwaloni

Kabla ya kuendelea, 9 na 11 zina kazi nyingine ambayo kwa maoni yangu ina faida kuliko kupasua namba zenyewe.

Tuseme mama mmoja anayeuza dagaa kwenye soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, amepeleka magunia 23 kwa shilingi 118,500 kila moja, na kwenye kauntabuku ameandika jumla 2,752,500. Mwanawe wa kidato cha pili anaipitia. Kwa 9: 23 inatoa 5, na 118,500 inatoa 15, yaani 6. 5 × 6 = 30, yaani 3. Jumla iliyoandikwa: 2 + 7 + 5 + 2 + 5 = 21, yaani 3. Inaonekana sawa.

Lakini kijana anajaribu na 11. Kwa 23: 3 − 2 = 1. Kwa 118,500: 0 − 0 + 5 − 8 + 1 − 1 = −3, na ukiongeza 11 unapata 8. 1 × 8 = 8. Jumla iliyoandikwa: 0 − 0 + 5 − 2 + 5 − 7 + 2 = 3. Tatu si nane.

"Mama, tano na mbili zimepishana hapa. Ni 2,725,500."

Shilingi 27,000 zimeokolewa. Kanuni ya 9 hukamata tarakimu moja iliyokosewa, isipokuwa 0 ikigeuka 9 au 9 ikigeuka 0, lakini haioni kabisa tarakimu zilizobadilishana nafasi, kwa sababu jumla haibadiliki. Na kupisha tarakimu ndilo kosa la mkono unaoandika haraka. Kanuni ya 11 inalikamata kila mara tarakimu mbili jirani zisizofanana zinapopishana. Tumia zote mbili. Zikikubali zote, makosa mengi ya kila siku yameshachujwa, ingawa hilo si uthibitisho kamili.

Jua pa kuishia

Sasa tumebaki na 10,511. Tumeshajua 2, 3, 5, 7, 11 na 13 hazimo. Tunaendelea na namba tasa zinazofuata (zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe), na hii hapa orodha ya zile zilizo chini ya 100:

2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59, 61, 67, 71, 73, 79, 83, 89, 97.

Ukitaka ndefu zaidi, tengeneza mwenyewe: andika namba mpaka unapotaka, futa vigawe vya 2, vya 3, vya 5 na kuendelea, kinachobaki ni tasa. Njia hiyo inahusishwa na Eratosthenes, mzaliwa wa Kurene katika Libya ya leo, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Aleksandria kule Misri karne ya 3 KK. Haijapitwa na wakati.

Je, tujaribu mpaka wapi? Mpaka kwenye kipeuo cha pili cha namba, basi. Namba ikiwa ni zao la mbili, haziwezekani zote mbili kuzidi kipeuo cha pili, maana zao lao lingeipita namba yenyewe. Kwa hiyo kigawo kidogo lazima kiwe chini ya mpaka huo au sawa nao.

Angalia jinsi mpaka ulivyoshuka. Kwa 3,699,872 kipeuo cha pili ni 1,923 na kidogo. Baada ya kutoa 2 tano, 115,621 ina mpaka wa 340 (340² = 115,600, imepita kwa 21 tu). Baada ya kutoa 11, mpaka wa 10,511 ni 102, kwa sababu 102² = 10,404 na 103² = 10,609. Kutoka 1,923 hadi 102 bila jasho. Mtu aliyeanza kwa kujaribu 17 kwenye namba nzima angekuwa bado anahangaika na tarakimu saba.

Kugawanya kwa kutoa makundi makubwa ni haraka kuliko kugawanya kwa mstari mrefu:

17: 10,511 − 10,200 = 311; 311 − 306 = 5. Inabaki 5, haimo.

19: 10,511 − 9,500 = 1,011; 1,011 − 950 = 61; 61 − 57 = 4. Haimo.

23: 10,511 − 9,200 = 1,311; 1,311 − 1,150 = 161; na 161 ni 23 × 7. Imo. 400 + 50 + 7 = 457.

Kwa hiyo 10,511 = 23 × 457.

Je, 457 ni tasa? Wengi hapa huanza upya na 2, 3, 5. Hakuna haja. Namba tasa zote zilizo chini ya 23 zimeshakataa kugawa 10,511, kwa hiyo haziwezi kugawa kipande chake. Na 23² = 529, tayari imeipita 457. Basi 457 ni tasa bila jaribio hata moja la ziada.

Jibu:

3,699,872 = 2⁵ × 11 × 23 × 457

Hakiki kwa ile 8 tuliyoizungushia duara. 32 inatoa 5. 11 inatoa 2. 23 inatoa 5. 457 inatoa 16, yaani 7. 5 × 2 = 10, yaani 1; 1 × 5 = 5; 5 × 7 = 35, yaani 8. Imelingana. Sasa ruksa kushika simu.

Kinachosomeka baada ya kupasua

Ukishakuwa na vigawo tasa, sifa nyingine zinakuja karibu bure.

Idadi ya vigawo: chukua kila kipeo, ongeza 1, zidisha. Vipeo vyetu ni 5, 1, 1, 1. Hivyo 6 × 2 × 2 × 2 = 48. Namba hii ina vigawo 48, ukihesabu 1 na yenyewe. Sababu ni ya kuchagua tu: 2 unaweza kuichukua mara 0 hadi 5, njia sita, 11 unaichukua au unaiacha, na kadhalika.

Jumla ya vigawo vyote: kwa 2⁵ unajumlisha 1 + 2 + 4 + 8 + 16 + 32 = 63. Kwa 11 ni 12, kwa 23 ni 24, kwa 457 ni 458. Zidisha: 63 × 12 × 24 × 458 = 8,309,952. Toa namba yenyewe, vigawo vilivyobaki vinafika 4,610,080, ambayo ni zaidi ya 3,699,872. Nikomako wa Gerasa, mnamo mwaka 100 BK, aliziweka namba katika makundi matatu kwa kigezo hiki: zilizopungukiwa, zilizokamilika na zilizozidi. Kamili ni adimu sana (6, 28, 496, 8,128 ndizo za mwanzo). Ya Mwanza imo kwenye kundi la zilizozidi, na hilo si ajabu kwa namba yenye 2 tano na 11.

Namba ngapi kati ya 1 na 3,699,872 hazina kigawo cha shirika nayo zaidi ya 1? 16 × 10 × 22 × 456 = 1,605,120. Kwa kila kigawo tasa unapunguza 1 mara moja: 32 inakuwa 16 × 1, 11 inakuwa 10, 23 inakuwa 22, 457 inakuwa 456.

Swali la mwisho la kundi hili linanipendeza kuliko yote: je, 3,699,872 inaweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili? Haiwezekani, wala huhitaji kujaribu. Kanuni ni kwamba namba tasa zinazobaki na 3 zikigawanywa kwa 4 lazima zitokee mara shufwa. 11 inabaki 3, nayo imo mara moja tu. 23 inabaki 3 vilevile. Kila moja peke yake inatosha kuzuia. 457 inabaki 1, na yenyewe kweli inakubali: 21² + 4² = 441 + 16 = 457.

Njia ya mkato ya Fermat

Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa, mwaka 1643 aliandika barua akieleza jinsi ya kupasua namba bila kujaribu vigawo vidogo kabisa. Mfano wake ulikuwa 2,027,651,281, akaipata kuwa 44,021 × 46,061.

Wazo lake: badala ya kutafuta zao, tafuta tofauti ya miraba miwili, kwa sababu a² − b² = (a − b)(a + b). Anza na namba nzima iliyo juu kidogo ya kipeuo cha pili, ipige mraba, toa namba yako, uone kama kinachobaki ni mraba. Kama si mraba, panda moja.

Kwa 3,699,872 tunaanza na 1,924:

1,924² = 3,701,776. Toa: inabaki 1,904. 43² ni 1,849 na 44² ni 1,936, basi si mraba.

1,925² = 3,705,625. Inabaki 5,753. Inaishia na 3. Si mraba, hatupotezi muda.

1,926² = 3,709,476. Inabaki 9,604. Na 9,604 ni 98².

Mara ya tatu tu! Kwa hiyo 3,699,872 = (1,926 − 98) × (1,926 + 98) = 1,828 × 2,024. Hiyo ndiyo jozi ya vigawo iliyo karibu zaidi kati ya jozi zote 24. Ukiwa na vipande viwili vya tarakimu nne, kila kimoja kinapasuka kwa dakika: 1,828 = 4 × 457, na 2,024 = 8 × 11 × 23.

Njia hii si ya bahati tu, ila ina masharti. Inafanya kazi haraka pale namba inapokuwa na vigawo viwili vilivyokaribiana. Vikiwa mbalimbali, utapanda ngazi mpaka uchoke. Tena kwa namba shufwa isiyogawanyika kwa 4 haifanyi kazi kabisa, kwa sababu a − b na a + b ama zote ni shufwa ama zote ni witiri; hapo toa kwanza hiyo 2 moja. Ushauri wangu: jaribu Fermat mara tano au sita mwanzoni, ikigoma rudi kwenye orodha ya tasa.

Fermat mwenyewe alitoa madai yasiyosimama. Aliamini 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha ni 641 × 6,700,417. Euler hakujaribu tasa zote mpaka 641. Alithibitisha kwanza kwamba kigawo tasa chochote cha namba hiyo lazima kibaki na 1 kikigawanywa kwa 64, akabaki na wachache wa kujaribu: 193, 257, 449, 577, kisha 641.

Linganisha na sensa ya 2012

Mwaka 2012 Mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu 2,772,509. KKS ya namba hizi mbili ni ngapi? Usizipasue. Euklidi, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alitupa njia ya kugawanya na kuchukua mabaki tu:

3,699,872 ukitoa 2,772,509 inabaki 927,363.
2,772,509 ukitoa mara mbili ya hiyo inabaki 917,783.
927,363 ukitoa 917,783 inabaki 9,580.
917,783 kwa 9,580 inabaki 7,683.
Kisha mabaki yanafuatana: 1,897, 95, 92, 3, 2, 1.

KKS ni 1. Hazishirikiani chochote, na tumelijua hilo bila kujua kigawo hata kimoja cha namba ya 2012. Kwa namba zenye mamia ya tarakimu tofauti hii ni kubwa mno: KKS hupatikana papo hapo kwenye kompyuta ya kawaida, wakati kupasua kunaweza kushindikana kabisa. Mfumo wa kufunga siri uliobuniwa na Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977 umejengwa juu ya ugumu huo. Mwaka 2020 watafiti waliipasua namba moja ya tarakimu 250 ya mfumo huo, na kazi ile ilikula nguvu sawa na ya kiini kimoja cha prosesa ya kompyuta kikifanya kazi kwa karibu miaka 2,700.

Zamu yako: 2,772,509

Hii haikubali kirahisi kama ya 2022. Ni witiri, haiishii na 5, na tarakimu zake zinafika 32, kwa hiyo 3 haimo. Kwa makundi ya tatu: 509 − 772 + 2 = −261, na 261 haigawanyiki kwa 7, 11 wala 13. Nikuokolee kazi zaidi: haina kigawo tasa chochote chini ya 100. Kipeuo chake cha pili ni 1,665 na kidogo, kwa hiyo kwenye orodha zimebaki tasa kuanzia 101 hadi 1,663. Zote zikikataa, nayo ni tasa.

Ukipendelea Fermat, usipande moja moja. 2,772,509 ikigawanywa kwa 4 inabaki 1, jambo linalolazimisha a iwe witiri. Ikigawanywa kwa 3 inabaki 2, na hilo linalazimisha a iwe kigawe cha 3, kwa sababu mraba ukigawanywa kwa 3 hubaki 0 au 1 tu. Kigawe witiri cha 3 cha kwanza juu ya mpaka ni 1,671, na baada ya hapo unaruka sita sita: 1,677, 1,683, 1,689, 1,695.

1,671 inabakiza 19,732, inaishia na 2, tupa. 1,677 inabakiza 39,820 na 1,683 inabakiza 59,980. Mraba hauishii na sifuri moja pekee, tupa zote mbili. 1,689 inabakiza 80,212, tupa. 1,695 ndiyo ya kwanza kukulazimisha utafute kipeuo: inabakiza 100,516, ambayo iko kati ya 317² = 100,489 na 318² = 101,124. Inayofuata ni 1,701.